Je, mikopo midogo iliwainua kweli wafumaji wa Kimaya? Jibu kwa mweka hazina wa kikundi cha Iringa

Swali: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya milulu, Iringa. Taasisi moja imetufuata na mkopo wa kikundi, shilingi 600,000 kwa kila mwanachama. Kwenye mafunzo walituonyesha picha za wanawake wa Kimaya wa Guatemala. Walisema hao walikuwa na hali kama yetu, wakakopeshwa, na leo vitambaa vyao vinauzwa dunia nzima. Marejesho ni 15,000 kila wiki kwa mwaka mmoja, na yanaanza wiki ya pili. Riba wameandika asilimia 2.5 kwa mwezi. Je, ni kweli mkopo ndio uliowainua wale wanawake? Na sisi tuuchukue? Tena tunaye mwenzetu anayeuza genge, hasuki. Tumwingize kwenye dhamana ya kikundi?

Dada yangu, najua mnasubiriwa kusaini, kwa hiyo nianze na jibu lenyewe. Ndiyo, wapo wanawake wengi wa Kimaya waliofaidika na mikopo midogo. Ila ukiwatazama wale ambao ufumaji wenyewe ndio uliowatoa, utakuta mara nyingi mnunuzi alipatikana kabla ya deni. Mkopo ulinunua nyuzi za kazi iliyokwisha kuagizwa, ukalipwa kazi ilipouzwa. Waliotanguliza mkopo, wakaanza kutafuta soko huku marejesho yanakimbia, wamejikuta wakilipa kwa kuuza kuku, kwa fedha ya mtoto aliyeko Marekani, au kwa kukopa kwingine. Picha mlizoonyeshwa hazisemi hilo, nalo ndilo linalowahusu ninyi zaidi.

Hebu kwanza tuwajue wenyewe. Guatemala ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu karibu milioni 15, na zaidi ya asilimia 40 walijitambulisha kuwa Wamaya. Tunawataja kama kabila moja, kumbe serikali yao inatambua lugha 22 za Kimaya: K'iche', Kaqchikel, Mam, Tz'utujil, Q'eqchi', Ixil na nyinginezo. Wengi wanaishi nyanda za juu za magharibi, kwenye milima inayozunguka ziwa Atitlán na miji ya Quetzaltenango, Chichicastenango na Nebaj. Utafiti wa kitaifa wa hali ya maisha wa mwaka 2014 ulikuta umaskini nchini humo ni asilimia 59, lakini kwa wenyeji wa asili peke yao ulifika asilimia 79.

Na kuna vita. Guatemala ilipigana yenyewe kwa yenyewe tangu 1960 hadi mkataba wa amani wa Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti mwaka 1999 ilikadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotezwa, na kati ya waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Miaka ya mwanzo ya themanini ndiyo iliyokuwa mibaya kupita yote. Vijiji vilichomwa moto, wanaume wakachukuliwa wasirudi. Wakabaki wajane wenye watoto, mashamba yaliyoharibiwa, na ujuzi mmoja ambao jeshi halikuweza kuuchoma, yaani kufuma.

Hapo ndipo vikundi vingi unavyosikia leo vilipoanzia. TRAMA Textiles ya Quetzaltenango iliundwa mwaka 1988, ikaunganisha vyama 17 vya ufumaji kutoka mikoa mitano, vyenye wanawake wapatao 400. Mwaka uliofuata, mwanaanthropolojia Brenda Rosenbaum alianzisha Mayan Hands, inayowaunganisha wafumaji na wanunuzi wa nje kwa misingi ya biashara ya haki, yaani ile inayomlipa mzalishaji bei anayostahili. Tazama walichokitanguliza, dada. Hawakuanza kwa kugawiana mikopo. Walianza kwa kutafuta nani atanunua, kwa bei gani, na nani atasimama katikati bila kuwanyonya. Aliyewaambia kwamba akina mama wale walikopeshwa na kisha wakafanikiwa ameruka sura nzima ya mwanzo.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuona mkopo unagonga wapi. Mwanamke wa Kimaya anafuma kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni. Hakina fremu wala miguu. Ni vijiti kadhaa na nyuzi. Ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, anaifunga kwenye nguzo ya baraza au kwenye mti, ncha ya pili ina mkanda mpana unaopita nyuma ya nyonga zake. Anapiga magoti chini, akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akiinama mbele zinalegea. Mwili wake ni sehemu ya chombo. Anapitisha uzi wa mshindio, ule unaokatisha mtande, anaushindilia kwa ubapa wa mbao ngumu uliolainika kwa kutumika, kisha anasimama kwenye nakshi. Hapo anaingiza uzi wa rangi kwa vidole, nyuzi mbilimbili, akihesabu kichwani. Ndege, mahindi, mistari ya pembetatu kama milima, vyote vinatoka kichwani bila mchoro wa kunakili. Upana wa kitambaa hauzidi mkono wake unapofika, ndiyo maana vazi lao la juu, huipil, hushonwa kwa vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa.

Huipil yenye nakshi za wastani inachukua mwezi hadi miwili. Yenye nakshi nzito inaweza kufika miezi mitano au sita. Tena hafumi kutwa nzima. Anafuma akishamaliza kupika tortila za asubuhi, yaani chapati za mahindi, anakunja kitanda chake na kukitundika mtoto akilia, anakikunjua tena jioni. Wewe unayesuka milulu unanielewa vizuri hapa. Kazi imekatwakatwa vipande vidogo katikati ya kazi nyingine, na mwisho wa yote hakuna anayejua imekula saa ngapi.

Kwa hiyo mtiririko wa fedha yake uko hivi. Fedha inatoka siku moja, siku anaponunua nyuzi za pamba. Kisha wiki nane, kumi, wakati mwingine ishirini, haingii hata senti. Halafu inaingia yote kwa mkupuo kitambaa kikiuzwa, kama kitauzwa. Sasa mwekee mwanamke huyo marejesho yanayoanza wiki ya pili. Wiki ya pili ndiyo kwanza ametandika mtande! Atalipa na nini?

Mfumo huu wa marejesho haukutengenezwa kwa ajili ya wafumaji. Ulikua Bangladesh, kutokana na jaribio la Muhammad Yunus katika kijiji cha Jobra mwaka 1976, lililokuja kuwa Grameen Bank mwaka 1983. Wakopaji wengi wa huko walikuwa wakifuga, wakikoboa mpunga, wakiuza vitu vidogovidogo; fedha inaingia kila siku au kila wiki. Kwa mama muuza nyanya, marejesho ya wiki yanafaa kabisa, tena yanamsaidia asiitumie fedha ovyo. Mfumo ulipochukuliwa ukapelekwa nchi nyingine, ratiba ilisafiri pamoja nao kana kwamba ni sehemu ya dawa. Mashirika ya Guatemala yaliupokea tangu mwishoni mwa miaka ya themanini: Génesis Empresarial lilianza 1988, na Friendship Bridge, lenye makao Panajachel kando ya ziwa Atitlán, lilianza kukopesha wanawake wa huko mwaka 1998.

Wapo waliojaribu kuurekebisha, na nawaheshimu kwa hilo. Friendship Bridge wanakopesha wanawake kwa vikundi, na mkutano wa kikundi una somo pamoja na kulipa. Siku hiyo akina mama wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanahesabu marejesho, kisha wanafundishwa kuhusu afya, kuweka akiba au kupanga bei. Baadaye wakaongeza huduma za afya ya wanawake na programu ya mafundi wa kazi za mikono inayowasaidia kuboresha bidhaa na kufikia wanunuzi. Shirika la mikopo lisingehangaika kutafuta soko kama mkopo peke yake ungetosha.

Kuhusu urefu wa muda kabla ya rejesho la kwanza, kuna utafiti ambao ningependa uusome mbele ya afisa mikopo wenu. Ulifanyika Kolkata, India, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 na Erica Field, Rohini Pande na wenzao. Waligawa wakopaji makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilianza kulipa baada ya wiki mbili, kama ninyi mnavyotakiwa. Kundi jingine lilipewa miezi miwili ya kupumua. Waliopewa nafasi waliweka fedha nyingi zaidi kwenye biashara, na karibu miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa juu kwa takriban asilimia 41. Walioshindwa kulipa pia waliongezeka katika kundi hilo, sitaki kukuficha, na ndiyo sababu wakopeshaji wanaogopa. Lakini kwa kazi ya mikono inayochukua miezi, mimi naona mkopo usio na kipindi cha kupumua haufai. Unamlazimisha mkopaji atenge sehemu ya mkopo wenyewe ili alipie marejesho ya mwanzo, yaani anakopeshwa fedha, anaiweka chini ya godoro, anairudisha pamoja na riba.

Tuje kwenye riba yenu. Chukua kalamu. Marejesho 15,000 kwa wiki 52 ni 780,000. Mmekopa 600,000, kwa hiyo riba ni 180,000. Hiyo ni asilimia 2.5 ya mkopo wote mara miezi 12, hata mwezi wa kumi na moja ambapo karibu mkopo wote mmesharudisha. Wangeihesabu riba ileile juu ya salio linalopungua kila mwezi, riba ya mwaka ingekuwa kama 102,000 tu. Kwa namna walivyoihesabu, gharama halisi ya mkopo wenu ni zaidi ya asilimia 50 kwa mwaka, wakati karatasi inawafanya mdhani ni 30. Jambo hilihili liliwakuta wakopaji wa Amerika ya Kusini na ya Kati kwa miaka mingi. Huko mikopo midogo ya asilimia 30 kwa mwaka na zaidi ni ya kawaida, na mkataba umeandikwa Kihispania, lugha ambayo mama mtu mzima wa Kixil au wa Kimam pengine haisomi.

Nisiwaonee wakopeshaji. Kumfuata mkopaji wa fedha kidogo mlimani kwa pikipiki, kila mwezi, kunagharimu karibu sawa na kumhudumia mkopaji mkubwa mjini. Gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Hata Kiva, mtandao ulioanza mwaka 2005 kwa kukopesha wafanyabiashara wadogo wa Tororo, Uganda, na baadaye ukawafikia wafumaji wa Guatemala, una jambo hilo. Mtu wa Ulaya anayetoa dola 25 hapati riba yoyote, lakini taasisi ya huko chini inayomkabidhi mama fedha inamtoza riba kama kawaida. Wachangiaji wengi hawalijui hili, na ni haki walijue.

Sasa, je, mikopo inawatoa watu kwenye umaskini? Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizopima swali hilo kwa kulinganisha waliofikiwa na mikopo na wasiofikiwa: Bosnia, Ethiopia, India, Mongolia, Morocco na Mexico, jirani wa Guatemala wa kaskazini. Jibu lilifanana karibu kote. Mikopo ilisaidia kiasi. Watu walipata uhuru zaidi wa kupanga matumizi yao, baadhi wakapanua biashara, lakini kipato cha familia ya kawaida hakikubadilika sana. Hakuna mahali palipoonekana kijiji kizima kikitoka kwenye ufukara kwa sababu ya mkopo. Kwa hiyo mtu akija na picha na kuwaambia kwamba mkopo uliwabadilishia wale wanawake maisha, muulize kwa upole: ulikuwa mkopo, au mkopo pamoja na nini?

Na upo upande wa giza. Huko Nebaj, katika eneo la Waixil lililoumizwa sana na vita, mashirika mengi ya mikopo yaliingia kwa wakati mmoja miaka ya 2000. Mwanaanthropolojia David Stoll alifuatilia fedha ile ilikwenda wapi. Sehemu kubwa iliishia kwa wasafirishaji wa magendo wanaopeleka watu Marekani. Familia ilikopa kwa jina la biashara ya mama, ikaweka shamba rehani, kijana akasafiri. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 2008 kazi zikaisha, na walioachwa nyumbani wakabaki na deni na mdai mlangoni. Siwasemi vibaya walioamua hivyo. Mtu anayeona fedha ya Marekani ndiyo inayojenga nyumba za majirani zake atajaribu, na kweli mwaka 2023 fedha zinazotumwa na walioko nje zilikaribia moja ya tano ya pato la taifa la Guatemala. Ninachotaka uone ni kwamba mkopo unafuata njia yenye fedha. Kama ufumaji haulipi, mkopo wa ufumaji hautabaki kwenye ufumaji. Huko kwenu utaishia kwenye ada, msiba, bodaboda ya kijana. Mkopeshaji ataandika vikapu, na mwenye deni atakuwa mama.

Kwa nini basi ufumaji usilipe, na vitambaa vyenyewe ni vya ajabu? Kwa sababu ya soko, na hapa wafumaji wa Kimaya wana vita vitatu kwa mpigo. Mitumba ya Marekani imejaa kila mji, wanaiita paca, na msichana anaweza kununua blauzi kwa bei ndogo kuliko nyuzi za huipil moja. Kisha viwanda vinapiga picha ya huipil halisi na kuichapa juu ya kitambaa cha poliesta. Kwa mbali huwezi kutofautisha, na inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Halafu kuna watalii. Wao ndio wanunuzi wakubwa wa Chichicastenango, ambako gulio ni Alhamisi na Jumapili, na wa maduka ya Panajachel na Antigua, lakini mtalii anabembeleza bei na anaondoka. Machi 2020 Guatemala ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, akina mama waliokuwa wakitegemea watalii walibaki na marundo ya vitambaa ndani. Waliokuwa na wanunuzi wa jumla wa nje, wenye mazoea ya kuagiza kwa miaka, walitikisika lakini hawakuzama wote.

Kuhusu kunakiliwa, hawakukaa kimya. Chama cha wanawake cha AFEDES, mkoani Sacatepéquez, kiliongoza wafumaji kufungua shauri katika Mahakama ya Katiba mwaka 2016, kikidai nakshi za kila jamii zilindwe kama mali ya pamoja. Mahakama ililihimiza Bunge litunge sheria. Nalitaja kwa sababu wengi hufikiri tatizo la fundi wa kazi za mikono ni mtaji mdogo. Wanawake wale walilitazama tatizo lao wakaona kwamba sehemu yake ni bei, na sehemu ya bei ni kwamba mtu mwingine anauza nakshi ya bibi yao bila kuwalipa. Mkopo hauwezi kutibu hilo.

Kipo kitu kinachofanya kazi ya mkopo bila kuwa mkopo, nacho ndicho ningependa mkifuatilie kabla ya kusaini chochote. Ni malipo ya awali. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau asilimia 50 ya thamani ya oda mwanzoni, bila riba, mzalishaji akiomba. Hebu fikiria maana yake kwa mfumaji. Nyuzi zinanunuliwa kwa fedha ya mnunuzi. Chakula cha wiki za katikati kimo. Kitambaa kikichelewa wiki moja, hakuna rejesho lililoruka. Na hatari ya soko imebaki kwa mwenye uwezo wa kuibeba. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mjane aliyefuma kwa oda na jirani yake aliyekopa akafuma kwa kubahatisha, hata kama wote wawili wana mikono mizuri sawasawa.

Vilevile, Wamaya wana mchezo wao wa fedha, wanauita cuchubal. Kila mmoja anatoa kiasi fulani, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Ninyi mna mchezo na mna VICOBA. Kwa kununua milulu na rangi, ambavyo si gharama kubwa sana, mfuko wenu wenyewe pengine unatosha, na riba mnayotoza inarudi kwenu mwisho wa mwaka. Na ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, inayotokana na asilimia 4 ya mapato ya ndani. Ilisimamishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize foleni ikoje. Inachosha kufuatilia, najua, lakini 180,000 kwa kila mwanachama ni fedha nyingi kulipia tu kutosumbuka.

Sasa uamuzi wenu. Mimi kwa ratiba mliyopewa nisingesaini. Ningemwita afisa mikopo, nikamweleza kwamba kikapu kikubwa kinachukua muda fulani mpaka kiuzwe (huo muda mnaujua ninyi, mhesabu kwa ukweli kuanzia kukata milulu hadi fedha kuingia mkononi), na nikamwomba mambo mawili kwa maandishi: rejesho la kwanza lisogezwe baada ya muda huo, na riba ihesabiwe kwa salio linalopungua. Taasisi nyingi zina bidhaa ya kilimo yenye marejesho wakati wa mavuno. Ususi unafanana na kilimo kuliko na genge, kwa hiyo mnayo haki ya kuuliza kwa nini msipewe ile. Akikataa yote mawili, mnashukuru na kuagana naye vizuri.

Akikubali, msikope wote na msikope kiasi chote. Kopeni kwa ajili ya oda iliyopo mkononi, yenye jina la mnunuzi, idadi na tarehe. Kiasi kiwe ni malighafi pamoja na usafiri wa mzigo, basi. Fedha ya kula wakati mnasuka msiikope. Kosa hilo limewaumiza wafumaji wengi, kwa sababu chakula kilicholiwa hakiuziki, na deni lake linabaki. Na msikope ili mjaze stoo mkisubiri maonyesho ya Nane Nane. Banda linaweza kujaa watu siku nzima, na wote wakawa watazamaji.

Mwenzenu wa genge ni suala la peke yake. Yeye fedha yake inaingia kila siku, kwa hiyo marejesho ya wiki yanamfaa kuliko yanavyowafaa ninyi. Anaweza kukopa na akalipa vizuri. Tatizo ni kufungwa kamba moja. Kwenye dhamana ya kikundi, wiki ambazo vikapu havijauzwa yeye ndiye atakayekuwa na fedha taslimu, na macho yote yatamgeukia. Atalipia wengine mara ya kwanza kwa moyo mmoja, mara ya tatu mtakuwa hamsalimiani. Hata Grameen waliachana na mtindo wa kulipiana madeni walipobadilisha mfumo wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huko Ufilipino watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifuatilia vikundi vilivyoondolewa dhamana ya pamoja, wakakuta wasiolipa hawakuongezeka. Kwa hiyo mna hoja ya kumpa afisa: kila mtu asaini la kwake, kikundi kibaki kwa ajili ya mkutano, akiba na mafunzo. Kama taasisi haitaki, mama wa genge akope kivyake au kwenye kikundi cha wauza genge wenzake, na kwenu abaki mwanachama wa VICOBA kama zamani.

Ukiweza, nitumie ile karatasi ya masharti kabla ya mkutano wenu, hasa ukurasa wenye ada. Bima ya mkopo, ada ya fomu na akiba ya lazima vikikatwa mwanzoni, hizo 600,000 hamtazipokea zote, na hesabu niliyokufanyia hapo juu itakuwa mbaya zaidi.